Makofi Ndani ya Ukungu

Mwenye mtoto na asikie, na asiye naye amwambie mwenye naye. Mambo haya hayakumpata mlevi wala mzembe. Yalimpata fundi wa cherehani, mwanamke mwenye akili zake timamu, asiyelala kabla hajagusa kitasa cha mlango mara ya pili. Kama yalimpata yeye, basi sote tujihadhari.

Fundi huyo alikuwa na kibanda sokoni, katikati ya muuza vitambaa na mrekebisha saa. Alishona sare za shule, akapunguza suruali za watu waliokonda na kuongeza za walionenepa. Alikuwa na binti mmoja tu, wa darasa la nne, ambaye soko zima lilimwita Kiroboto kwa sababu hakuwa na kitako. Umwone hapa, ukipepesa jicho yuko kule. Sokoni mtoto wa namna hiyo ni mtihani. Ukimwita kwa jina, muuza muziki amekufunika na spika yake. Ukisema "wewe mtoto," watoto wa watu wengine ndio wanaogeuka.

Kwa hiyo fundi alimfundisha binti yake makofi. Mawili ya harakaharaka, kimya kidogo, halafu moja la nguvu. Kiroboto akiyasikia hayo, aache alichoshika aje mbio. Hakuna kuuliza, hakuna "ngoja kidogo mama." Alimfundisha tangu hajaweza kufunga kamba za viatu, na mtoto akashika kweli kweli. Hata awe nyuma ya magunia, makofi yakilia utamwona huyo anachomoka.

"Fundi, mtoto wako ana rimoti," mrekebisha saa alikuwa akimtania.

"Na mimi nitengenezewe ya mume wangu," muuza vitambaa alidakia. "Ila yule hata umtie betri mpya haji."

Fundi alicheka nao, na moyoni alijisifu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wao wacheke, yeye mtoto wake harudi nyumbani na polisi.

Sasa, fundi alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja aliyekuwa mhifadhi wa ndege katika kisiwa cha mbali, kisicho na duka wala gari. Kila akipiga simu wimbo wake ulikuwa ule ule. "Dada, mlete mtoto likizo nzima akae na mama yake mdogo. Aone ndege."

"Ndege hata hapa wapo."

"Kunguru wa jalalani?"

"Kwani kunguru si ndege?"

Kiroboto alikuwa akitega sikio, na tangu siku aliyosikia hayo nyumba haikuwa na amani. Ndege asubuhi, ndege jioni. Mwisho fundi akasema haya, tutakwenda siku moja, sote wawili, nione kwa macho yangu, ndipo niseme kama utakaa huko likizo. Nguo haikatwi kabla ya kupimwa. Lakini ukweli ni kwamba jibu alikuwa nalo tayari, na jibu lilikuwa hapana. Alikwenda ili asije akaambiwa amekataa asichokijua.

Waliondoka mapema na boti ya injini inayopeleka maji ya kunywa na mafuta kisiwani. Mbali na nahodha, abiria mwenzao alikuwa mzee mmoja, dereva wa treni mstaafu, aliyening'iniza darubini mbili kifuani.

"Mbona mbili?" Kiroboto alimuuliza kabla hata hajamwamkia.

"Shikamoo kwanza," mama yake alimfinya.

"Shikamoo babu. Mbona mbili?"

"Marahaba. Hii ya kuonea mbali. Na hii ya kuonea kama ile ya kwanza haikunidanganya."

Kuanzia hapo wakamwita Mzee Darubini, naye hakukataa.

Mdogo wake fundi aliwapokea kwenye gati, amevaa kofia pana na viatu vizito vya kazi. Fundi alimtazama akamwona amekonda, akataka kulia, akataka kumpima kiuno pale pale. Walikumbatiana. Halafu, kabla ya kukaribishwa kiti, waliambiwa wakung'ute mifuko ya nguo zao na kusugua nyayo za viatu kwenye beseni la dawa.

"Tunapekuliwa?" fundi alishangaa. "Nimeiba nini na ndiyo kwanza nafika?"

"Siogopi utakachotoka nacho, dada. Naogopa ulichokuja nacho. Mbegu za majani, sisimizi, panya."

"Panya mfukoni mwangu?"

"Yupo mgeni mmoja alikuja naye kwenye kikapu na hajui. Panya mmoja akishuka hapa, vifaranga wote wamekwisha."

Katika mkoba wa fundi hakukuwa na panya, ila kulikuwa na mkate, chupa ya chai na mayai ya kuchemsha. Mdogo wake aliyashika mayai akamtazama kama mtu aliyefumania.

"Dada. Mayai? Kwenye kisiwa cha ndege?"

"Ni ya kuku! Kuku si ndugu yao."

"Tule kwa siri, mama," Mzee Darubini alinong'ona. "Wakituona tutashitakiwa."

Chumba cha mhifadhi kilikuwa kimoja tu. Kitanda chembamba, redio ya mawasiliano juu ya kreti, kamba nene zimetundikwa kwenye misumari, na harufu ya kinyesi cha ndege ambayo mwenyewe alisema hata haisikii tena. Fundi alitafuta mahali binti yake angelala likizo nzima, hakupaona. Akaongeza hilo kwenye hapana yake.

Kabla ya kutoka, mhifadhi aliwasimamisha mlangoni, na sauti yake ikabadilika ikawa ya kazini. Njia imewekewa vigingi vyenye kitambaa chekundu, alisema, na mguu wa mtu usiache njia. Ardhi ya kisiwa ni tupu ndani kama mkate ulioumuka, kwa sababu kuna ndege wanaochimba mashimo na kulala humo. Ukikanyaga nje ya njia unazama mpaka gotini, unavunja mguu wako na yai lao. Halafu kuna ukungu. Kisiwani ukungu haupigi hodi.

"Ukishuka, kaa chini hapo hapo ulipo. Usinifuate mimi, usimfuate mwenzako. Kaa. Mimi nitawajia mmoja mmoja. Kiroboto, nimesema nini?"

"Nikae. Utanijia."

"Hata ukiogopa?"

"Hata nikiogopa."

Fundi alisikia, na hakuelewa. Mtoto amepotea, halafu akae chini? Yeye miaka yote alikuwa amefundisha kinyume chake. Lakini mgeni hamsahihishi mwenyeji mlangoni, kwa hiyo alinyamaza. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kama ulikuwa unalitafuta. Amri mbili ziliingia katika kichwa kimoja kidogo, na hakuna mtu mzima aliyekaa akauliza ipi itashinda.

Wakaanza matembezi.

Kila kitu kilimchanganya fundi. Ufukweni aliona alama pana za magurudumu zikitoka majini, akasema, "Uliniambia hapa hakuna gari. Na hili trekta?" Kumbe ni kasa aliyepanda kutaga, akajikokota kurudi. Akaona ndege mdogo akiburura bawa lililovunjika, akataka kumwokota amfunge kitambaa, na yule ndege akamvuta hatua kadhaa kisha akaruka mzima kabisa. "Anakudanganya," mdogo wake alimwambia. "Anataka umfuate yeye ili usione watoto wake." Angani kulikuwa na ndege weusi wenye mikia kama mkasi uliofunguliwa, na hao hawavui samaki. Wanamfukuza aliyevua, wanamtikisa mpaka atapike, wanadaka.

"Wezi wa mchana kweupe," fundi alisema.

"Sokoni kwenu wapo hata wasio na mabawa," Mzee Darubini alijibu huku darubini ikiwa machoni.

Kilichomtisha zaidi kilikuwa chini. Walipofika mahali penye majani mafupi, fundi alisikia mtoto mchanga analia chini ya miguu yake. Akalia, akavuta pumzi, akalia tena.

"Ndio hao wa mashimo," mdogo wake alisema. "Giza likianza wanaitana. Mchana huwa mmoja mmoja."

"Lakini huyu ni mtoto."

"Ni ndege, dada."

"Mimi nimezaa. Najua kilio cha mtoto."

Kiroboto alikuwa amelala kifudifudi, sikio juu ya njia, anacheka kwa furaha mpaka machozi yanamtoka. Fundi alimtazama, na kwa mara ya kwanza lile jibu lake la hapana lilitikisika kidogo, maana hakuwahi kumwona mtoto huyu ametulia mahali pamoja muda wote huo.

Njia ilianza kupanda. Miguu ya fundi imezoea kukanyaga cherehani, haikuzoea mlima. Mzee Darubini naye alikuwa anasimama kwa kila ndege. Kwa hiyo wale wawili, mhifadhi na mtoto, wakatangulia. Fundi aliona gauni la njano la binti yake likipanda kigingi hadi kigingi, na mkono wa mama mdogo ukionyesha hiki na kile. Upande wa kulia wa njia kulikuwa na uwanda wenye mashimo. Baada ya uwanda huo kuna genge lililokatika wima, chini yake bahari. Ng'ambo, baada ya mkono mwembamba wa maji, ulisimama ukuta mrefu wa mwamba mweupe kwa ndege.

Fundi aliinama akafungua kiatu, atoe changarawe. Alipoinua kichwa, gauni la njano halikuwepo. Mlima haukuwepo. Hata Mzee Darubini aliyekuwa hapo karibu alibaki kivuli chenye sauti.

"Mama, tukae," ile sauti ilisema. "Tumeambiwa tukae."

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Yuko na mama yake mdogo. Tukae. Dereva wa treni asipoiona taa hasogei."

"Treni ina reli, mzee. Mtoto wangu hana reli."

Alikaa, lakini alikaa kama mtu aliyekalia sindano. Ukungu ulikuwa baridi na ulinuka chumvi. Kukawa giza la namna fulani, na wale ndege wa chini, wakidhani jioni imeingia, wakaanza. Mmoja, wa pili, halafu ardhi nzima ikawa wodi ya wazazi. Watoto wanalia kulia, wanalia kushoto, wanalia chini ya makalio yake. Na katikati ya vilio hivyo fundi alisikia kimoja ambacho angeapa mahakamani kwamba ni cha Kiroboto.

Aliinuka. Hakuondoka njiani, hilo tumpe. Alishika kigingi kwa kiwiko, akapiga. Mawili ya haraka, kimya, moja la nguvu.

Akasikiliza. Na kutoka mbali, kwa mbele, yakaja makofi. Mawili ya haraka, kimya, moja.

"Umesikia?" Machozi yalimtoka. "Ananijibu! Sikumfundisha kujibu, amejifikiria mwenyewe. Mtoto ana akili huyu!"

Akapiga tena. Akajibiwa tena. Akapiga tena na tena, kila mara kwa nguvu zaidi, ili mtoto ashike sauti kama mtu anavyoshika kamba.

"Mama," Mzee Darubini alisema taratibu. "Samahani. Mbona kama anajibu kutoka baharini?"

Fundi alipiga tena. Sikio lilimsikia, ila moyo ulikuwa kwingine.

Kumbe huku juu ilikuwa hivi. Ukungu uliposhuka, mhifadhi alimkalisha Kiroboto juu ya jiwe pana kando ya njia, akamwekea mfuko wake mapajani, akamwambia asiinuke. Kisha akateremka kwa kupapasa vigingi kwenda kuwachukua wakubwa. Ndivyo kazi yao ilivyo. Aliye hodari kukaa anaachwa, asiyeaminika anafuatwa kwanza. Mtoto alikuwa amekaa. Mama mtu mzima ndiye aliyeogopewa.

Mhifadhi aliwafikia akihema, mkono umeshika kamba.

"Nani alikuwa anapiga makofi?"

"Mimi. Na mtoto ananijibu, sikia." Fundi aliinua mikono, na mdogo wake akaidaka yote miwili hewani.

"Hakujibu mtu. Ule ni ukuta wa mwamba, ng'ambo. Unarudisha kila kitu. Umepiga mara ngapi?"

"Nyingi."

"Na yeye akisikia makofi hayo anafanya nini, dada?"

Fundi aliacha kuivuta mikono yake.

"Anakuja," alisema.

Walipanda hadi kwenye jiwe, wakishikana kama vipofu, Mzee Darubini nyuma akiombea watu wote. Fundi aliligusa jiwe kabla ya kuliona. Lilikuwa na unyevu, na juu yake kulikuwa na ule mfuko aliowekewa Kiroboto mapajani, umefungwa vizuri. Mtoto hayupo.

Hapa ndipo akili za fundi zilipomtoka. Vuta hisia wewe mwenyewe. Ukikaa kimya, mtoto anazunguka peke yake katika wingu, hajui pa kwenda. Ukiita, anasikia sauti mbili, ya kwako na ya mwamba, na ya mwamba iko upande wa genge. Ukimfuata, unazama mashimoni. Usipomfuata, wewe ni mama wa aina gani? Aligeuka huku, akageuka kule, mpaka hakujua tena mlima uko upande gani.

"Mara moja tu," alimwomba mdogo wake. "Nipige mara moja, taratibu, ajue nipo."

"Kila ukipiga anasogea."

"Basi nimwambie akae! Nimwite nimwambie kaa!"

"Sauti itafika imevunjika. Atasikia 'mama' tu, atakuja mbio." Mdogo wake alikuwa ameshika mikono ya dada yake kwa nguvu, kucha zinaingia. "Dada, nisikilize. Nahitaji kimya. Ndege watanionyesha alipo. Kuna membe wanaotaga kwenye uwanda, mtu akipita karibu wanapiga kelele. Mahali kelele zinapohamia, ndipo anapokwenda. Lakini makofi yako yanawatia wazimu wote kwa pamoja, sisikii kitu."

"Nawe una hakika?"

Mhifadhi hakusema ana hakika. Alisema, "Kaa juu ya mikono yako."

Basi fundi, mtu mzima, mwenye kibanda chake, alikaa kwenye jiwe lenye maji juu ya mikono yake mwenyewe, kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Mzee Darubini alikaa karibu naye. Na kimya kikaingia, ingawa hakikuwa kimya, maana chini wale wa mashimo waliendelea kulia. Kilio kimoja kama 'mama.' Kingine tena. Fundi aliuma mdomo. Kila kilio kilikuwa cha Kiroboto, na kila kilio hakikuwa cha Kiroboto. Mikono ilimwasha. Alikumbuka jinsi yule ndege wa bawa alivyomvuta amfuate, akajiuliza sasa nani anamdanganya nani, ndege, mwamba, au mdogo wake huyu aliyekonda, ambaye hajawahi kuzaa.

Kisha, kwa mbali, kulia kwao, membe walilipuka. Kelele kali za hasira, kama wanawake wa sokoni waliokanyagiwa nyanya zao.

"Pale," mhifadhi alinong'ona.

Kelele zilisogea. Upande huu zilitulia, mbele yake zikawaka. Ulikuwa unaweza kuhesabu hatua za mtoto kwa matusi ya ndege. Alikuwa anatembea, hakimbii. Alikuwa anaelekea baharini.

Mhifadhi alijifunga kamba kiunoni, ncha nyingine akaizungusha kwenye jiwe na kumshikisha Mzee Darubini. Akalala kifudifudi, mikono na miguu ameitandaza ili uzito wake usizamishe ardhi, akaanza kutambaa kwenda kwenye kelele. Ukungu ukammeza kuanzia kichwani, mwisho zikapotea soli za viatu.

Fundi alibaki na masikio tu. Kelele zikasogea. Zikasogea tena. Halafu zikasimama mahali pamoja, zikawaka sana, zikapungua, zikapungua, zikawa ndege wawili watatu wanaonung'unika. Halafu hakuna.

"Wamenyamaza," fundi alisema. "Mzee, wamenyamaza. Maana yake nini?"

Mzee Darubini alitega sikio upande wa kelele. "Maana yake hatembei tena. Amekaa, nadhani."

"Au?"

Mzee alishika kamba, akatazama mbele ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Au?" fundi aliuliza tena, na hapo mikono yake ikajitoa yenyewe chini ya mapaja. Ilikuwa imeinuka mbele ya uso wake, imeachana kidogo, iko tayari. Kama amekaa, makofi yatamwinua. Kama hakukaa, makofi hayana kazi tena. Alilifikiria hilo, na hata leo ukimuuliza hajui kama alilifikiria au alichoka tu. Alichukua ncha ya kanga yake, akaifungia mikono yote miwili, fundo la fundi, lile lisilofunguka kwa meno. Akamwambia mzee, "Nikikuomba unifungue, usinifungue."

Wakakaa hivyo. Ndege wa mashimo wakalia, na fundi akalia nao, polepole, asisikike.

Kamba ilitikisika. Ikatikisika tena. Upepo ulikuwa umeanza kuuchana ukungu vipande vipande, na katika kipande kimoja kilichochanika fundi aliona rangi ya njano.

Kiroboto alikuwa amekaa. Mbele yake, karibu na magoti, alikuwa amekaa ndege mkubwa mweupe mwenye uso mweusi, mkubwa kuliko bata, juu ya yai lililolala kwenye udongo mtupu. Ndege alikuwa amenyoosha mdomo kama mkasi na hakuwa na haraka yoyote. Nyuma ya ndege huyo hakukuwa na kisiwa. Kulikuwa na hewa, na chini kabisa povu.

Mhifadhi alimfikia kwa tumbo, akamshika kifundo cha mguu, hakumwachia mpaka wamerudi wote wawili kwenye jiwe wakitambaa. Goti la mtoto lilikuwa na damu, alikuwa amezama shimo moja njiani. Mbali na hapo alikuwa mzima.

Fundi hakuweza kumkumbatia. Mikono ilikuwa imefungwa, na fundo ni lile alilolifunga yeye. Alimwekea kichwa tumboni, akamsugua uso kwenye gauni, mpaka Mzee Darubini akatoa kisu kidogo akaikata kanga.

"Niliinuka kwa sababu umeniita," Kiroboto alisema. Hakuwa analia. Alikuwa amekunja uso kama anafanya hesabu ngumu. "Mama mdogo alisema nikae. Halafu ukapiga. Nikaja. Halafu ukapiga kule. Nikaenda kule. Halafu ukaacha. Kwa nini uliacha?"

"Mwanangu..."

"Nikadhani umenikasirikia. Nilitaka kuja tu hivyo hivyo, ila yule ndege alikataa kupisha. Nikimzunguka huku ananiuma kiatu, nikimzunguka kule ananiuma. Mama mdogo alisema asirukwe ndege aliyelalia yai. Ndiyo nikakaa, nikangoja aondoke." Alifuta pua. "Hakuondoka."

Mhifadhi aligeuza uso, akajifanya anakunja kamba.

Waliteremka kigingi kwa kigingi, sasa njia inaonekana yote, mchana mzuri usio na aibu. Boti ilikuwa gatini. Mayai hayakuliwa na mtu. Fundi alitembea ameshika mkono wa binti yake, kichwani mwake mambo yamegongana. Alikuja na hapana yake, na sasa alikuwa na sababu ya kuisema mbele ya dunia nzima, kisiwa kina genge, kina mashimo, kina ukungu. Lakini mtoto alikuwa amekaa juu ya jiwe. Kisiwa hakikumwinua. Kumbe yale aliyoyapenda zaidi katika malezi yake, yale aliyosifiwa nayo na soko zima, ndiyo yaliyompeleka mtoto kwenye hewa tupu. Na je, angeyaacha? Kule sokoni, kwenye malori na watu asiowajua, angemwita kwa kitu gani?

Gatini Kiroboto alisimama, akauvuta mkono wa mama yake.

"Mama. Siku nyingine ukipiga, nije au nisije?"

"Uje," fundi alisema haraka.

Mtoto alimtazama.

"Hapana. Kama umeambiwa ukae, usije." Fundi alimnyoosha kola ya gauni. "Lakini kama ni mimi kweli, uje."

"Nitajuaje kama ni wewe kweli?"

Fundi alimgeukia mdogo wake, mdogo wake akatazama bahari. Akamgeukia mzee. Mzee Darubini alikuwa anafuta vioo vyake, vya darubini zote mbili, kwa makini ambayo havikuhitaji.

"Sijui, mwanangu," fundi alisema. "Sijui. Tutakaa nyumbani, mimi na wewe, tufikirie."

"Basi nikae huku likizo au nisikae?"

"Na hilo pia."

Nahodha aliwasha injini, akawaambia waingie, maji yanapungua. Fundi aliingia kwanza, akageuka, akamnyooshea binti yake mkono bila kusema kitu. Kiroboto alisimama ukingoni mwa gati akiutazama ule mkono. Hakuwahi kuutazama hivyo. Kisha akageuka akamtazama mama yake mdogo, mpaka mama mdogo akamwashiria kwa kichwa aende, ndipo akaruka akaingia.